Haki ya kuishi na mwizi wa mbuzi: jibu kwa mjumbe wa serikali ya kijiji

Swali limetoka kwa mjumbe wa serikali ya kijiji wilayani Chamwino. Kata yao ilipata semina ya siku mbili kuhusu haki za binadamu. Watu walijibu vizuri kila walichoulizwa, na wote walikubali kwamba kila mtu ana haki ya kuishi na kwamba mtuhumiwa hapigwi. Siku tisa baadaye kijana aliyekutwa na mbuzi wawili wa wizi alipigwa usiku mpaka akazimia. Mjumbe alifika katikati ya kipigo na akawatambua watu wanne waliokaa semina ile ile. Anauliza: je, watu wetu wanaamini haki za binadamu kweli, au walijibu kwa ajili ya posho? Na yeye afanye nini, pamoja na kuhusu hao wanne?

Ndugu Mjumbe,

Hao wanne hawakusema uongo pale semina. Tunaanza na hilo kwa sababu ukishika kwamba walidanganya kwa ajili ya posho, utahangaika kutibu uongo, na ugonjwa si huo. Waliulizwa habari za "kila mtu". Anayeulizwa hivyo humfikiria jirani yake, mtoto wake na nafsi yake. Kwa hao alijibu kwa moyo wote. Usiku wa siku ya tisa hakuletewa "kila mtu". Aliletewa mwizi, mwenye mbuzi wa mtu anayemfahamu.

Kwa hiyo jibu letu ni kwamba watu wengi wanaamini haki za binadamu, na wanaziamini kwa nguvu sana pale zinapowahusu. Kinachopanda na kushuka ni idadi ya watu wanaohesabiwa kuwa wamo ndani ya neno "binadamu", na gharama ambayo mtu yuko tayari kulipa ili yule aliye nje naye apate haki yake. Semina yenu haikugusa hata kimoja kati ya hivyo viwili.

Sikiliza pia maneno yanayotumika watu wanapopiga: "mpeni haki yake", "amestahili". Lugha yetu imeweka mizigo miwili katika neno moja. Haki ni kile ninachostahili kwa kuwa mtu tu. Haki vilevile ni malipo yanayomfaa mtu kwa alichotenda. Umati unaompiga mwizi haujioni umeitupa haki. Unajiona unaitenda, tena kwa niaba ya mwenye mbuzi. Mwezeshaji akisimama kueleza maana ya kwanza peke yake, wasikilizaji huitikia kwa kichwa, kisha huondoka na maana ya pili ikiwa salama mifukoni. Ukisimama kwenye mkutano mkuu wa kijiji, tenganisha. Maana ya kwanza iite utu, kama Katiba ilivyofanya katika ibara ya 12 inapozungumzia kuthaminiwa kwa utu wa kila mtu. Ya pili iite hukumu. Kisha waambie wazi kwamba hukumu hutofautiana kati ya mwizi na asiye mwizi, na utu hautofautiani. Ibara ya 13(6) inakataza mtuhumiwa kutendewa kama mwenye hatia kabla hatia haijathibitika, na inakataza mtu kuteswa au kupewa adhabu ya kinyama. Makatazo haya mawili hayategemeani. Hata aliyethibitika kuwa mwizi, la pili bado linamlinda, na hapo ndipo wengi hukosea wakidhani ushahidi wa kukutwa na mbuzi umemaliza kila kitu.

Sasa kuhusu kupima imani ya watu, maana umeuliza kama wanaamini "kweli". Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015 na 2016 uliwauliza watu kama mume ana sababu ya kumpiga mke ikiwa ameunguza chakula, amebishana naye, ametoka bila kumwambia, amewatelekeza watoto, au amekataa tendo la ndoa. Asilimia 58 ya wanawake na asilimia 40 ya wanaume walikubali angalau sababu moja. Wakati huo Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilikuwa na zaidi ya miaka 40 tangu iseme kwamba hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo. Wengi wa hao hao wangeulizwa kwa ujumla kama mwanamke ana haki ya kutopigwa, wangesema ndiyo. Sababu ilipotajwa, jibu likageuka. Kwamba wanawake walizidi wanaume haina maana kwamba wanapenda kupigwa. Anayeishi chini ya kanuni ngumu huijua mipaka yake kuliko anayeitunga, na kuikariri mipaka hiyo ni njia mojawapo ya kuishi salama.

Basi ukitaka kujua hali ya kijiji chako, usiitishe kikao watu wanyooshe mikono. Anayesema kwanza huwafunga midomo wengine, na wewe mwenyewe ni kiongozi, hivyo utapewa jibu la kukuridhisha. Tafuta watu ishirini, wanawake kumi na wanaume kumi, kutoka vitongoji vyote, uwaulize mmoja mmoja. Uliza kwa ngazi. Kwanza kwa ujumla: je, mtuhumiwa ana haki ya kufikishwa polisi bila kupigwa? Pili mtaje mtu: amekutwa na mbuzi watatu wa mjane, je? Tatu taja gharama: ungekuwepo, ungetoa pikipiki yako impeleke kituoni, ungesimama mbele ya jirani zako useme basi? Nne, na hili wengi hulisahau: unadhani katika watu kumi wa kijiji hiki, wangapi wangetaka apigwe?

Linganisha majibu ya swali la pili na la nne. Mara nyingi yanapishana sana, kwamba kila mmoja anadhani wenzake wanataka damu kuliko wanavyotaka wao wenyewe. Huo ndio mwanya wako. Umati wa watu sitini una wapigaji wachache, wengine wamesimama kimya kila mmoja akidhani ni yeye tu asiyependa, na kimya chao ndicho kinachowapa wapigaji nguvu. Ukiwasomea watu majibu yao bila majina, mkutanoni, utakuwa umefanya kazi ambayo mabango kumi hayafanyi.

Lakini usiishie hapo, maana hasira ile ina shina la kweli na semina haikulitaja. Mbuzi ni ada ya shule, ni mahari, ni akiba ya mwaka wa njaa, na mvua zetu huku ni za msimu mmoja tu. Aliyeibiwa naye ana haki. Ibara ya 24 inalinda mali yake. Anapokwenda kuidai hukutana na mambo yanayomvunja moyo. Mwizi anakamatwa Jumatatu, Jumatano yuko gengeni anakunywa chai, na kijiji kizima kinaamini polisi wamehongwa. Huenda rushwa imepita kweli, huenda haikupita, maana wizi ni kosa lenye dhamana, na kutoka kwa dhamana si kuachiwa huru. Kesi inaendelea. Hili lielezwe siku ile ile mtu anapokamatwa, si baada ya kumwona gengeni. Halafu mashahidi huitwa mara tatu, nne, kesi inaahirishwa, kila mara ni nauli na siku moja ya kilimo, na mwishowe hawafiki. Shauri linafutwa kwa kukosa mashahidi, kijiji kinahitimisha kwamba mahakama haifanyi kazi. Na mbuzi wenyewe wanazuiwa kituoni kama kielelezo, wanakonda. Mtu aliyepitia haya mara moja, safari nyingine hamwiti polisi.

Haya yana dawa, na nyingi ziko ndani ya uwezo wa serikali ya kijiji. Mwenye mali asiondoke kituoni bila namba ya RB, yaani namba ya taarifa yake katika daftari la polisi. Aombe polisi wapige picha mbuzi, alama za masikio au chapa zionekane, na waombe kibali cha mahakama ili arudishiwe mifugo wakati shauri linaendelea. Kijiji kikubaliane kwenye mkutano mkuu, ambao kisheria hukutana kila robo mwaka, kutenga fedha kidogo za nauli za mashahidi wa kesi za wizi. Fedha hizi zisikabidhiwe mwenye kesi wala mwenyekiti peke yake. Weka sahihi mbili na daftari. Mjumbe mmoja apewe kazi ya kufuatilia tarehe ya kesi na kuisoma kila mkutano: imeahirishwa mpaka lini, kwa sababu gani. Mtu akishtakiwa, mwenye mali aiombe mahakama itoe amri ya fidia pamoja na adhabu, maana bila kuomba jambo hili husahaulika. Mahali watu wanapoona mbuzi amerudi na kesi imefika mwisho, kumwokoa mwizi hakuonekani tena kuwa ni kumdhulumu aliyeibiwa.

Sasa nusu saa yenyewe ya hatari, tangu yowe lipigwe. Mwananchi wa kawaida anaruhusiwa kumkamata anayemwona akitenda kosa kama hili, kwa nguvu ya kumzuia asikimbie na si zaidi, kisha amkabidhi polisi bila kuchelewa. Anayefika kwanza kati ya viongozi asianze kuhubiri. Awaite watu kwa majina, kwa sauti: fulani, shika taa, mama fulani, sogea mlete maji, wewe fulani, leta pikipiki. Giza na wingi huwafanya watu wajione hawana majina, na mtu aliyeitwa kwa jina na kupewa kazi ni vigumu aendelee kupiga. Pili, mtoe mtuhumiwa machoni pa watu. Mwingize ofisini kwa mtendaji au darasani, funga mlango, weka watu wawili wazima mlangoni, mmoja awe wa ukoo wa aliyeibiwa. Huyo wa ukoo ni muhimu, kwa sababu akisema "sisi wenye mali tunataka afike polisi", wageni wa ugomvi huo hukosa neno. Tatu, piga simu: 112, kisha polisi kata, kisha mtendaji wa kata, na uandike saa ya kila simu. Mara nyingi mambo huharibika katika kusubiri. Polisi hawana gari, saa mbili zinapita, watu wanarudi wakiwa wamekunywa. Panga mapema, leo, pikipiki mbili na watu watakaompeleka wenyewe bila kungoja.

Ukilazimika kumfunga, funga mikono kwa mbele, kwa kitambaa kipana kama kanga. Kamba ya manila au waya hukata damu, na mkono uliokosa damu kwa saa chache unaweza kukatwa hospitali. Usimlaze kifudifudi huku mikono imefungwa nyuma, wala mtu asimkalie mgongoni, kwani kifua hushindwa kupanuka akakosa pumzi huku watu wakidhani anajifanya.

Na kuna jambo la afya ambalo laiti lingefundishwa katika kila semina ya aina hii. Wanaopiga kwa fimbo miguuni na makalioni hudhani hawawezi kuua kwa sababu hawakugusa kichwa. Nyama za mwili zikipondwa kwa wingi humwaga sumu kwenye damu, na sumu hiyo huziba figo. Mtu huzungumza vizuri jioni, hutembea mwenyewe, halafu siku ya pili au ya tatu mkojo unakuwa mweusi kama chai ya rangi iliyokolea, kisha unapungua au unakatika kabisa. Hapo anakufa, na vijana waliodhani "tumemfundisha adabu tu" wanakuwa washtakiwa wa mauaji. Kwa hiyo aliyepigwa sana, hata akisimama, apelekwe hospitali ndani ya siku hiyo na mganga aambiwe amepigwa kwa muda gani na kwa kitu gani. Akitapika, akilala ovyo au akichanganya maneno, ni kichwa, hakuna kusubiri. PF3, fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi, itolewe kwa majeraha yote, lakini aliye mahututi apelekwe kwanza, fomu ifuate.

Mtuhumiwa akishafika kituoni, kuna mambo mnayoweza kuyafuatilia bila kuwa wanasheria. Aelezwe kosa analotuhumiwa. Aruhusiwe kuwasiliana na ndugu au wakili. Kwa kosa la aina hii afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 kama hakupewa dhamana, na dhamana hailipiwi. Angalia jinsi haki hii ilivyo na namba. Tumeona kwamba haki zenye namba ndizo watu wa kawaida huzishika na kuzidai. Wazazi wengi hawajui la kusema mtoto wao akichapwa shuleni, kwa sababu wameambiwa tu "mtoto ana haki". Wakijua kwamba kanuni za mwaka 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, kwa uamuzi wa mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua, na kwamba kila adhabu iandikwe katika daftari, wanakwenda shuleni na swali moja: tuonesheni daftari. Hivyo hivyo mjane anayeambiwa ardhi ni ya ukoo wa marehemu. Maneno ya jumla ya usawa hayamsaidii mbele ya mashemeji. Kinachomsaidia ni kujua kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inabatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi, na kwamba Baraza la Ardhi la Kijiji lina watu saba ambao watatu wao lazima wawe wanawake. Nenda ukahesabu la kwenu. Kama wanawake ni wawili, mna baraza ambalo halijatimia.

Tunataka kukaa kidogo kwenye jambo moja la mkoa wetu huu wa Dodoma, ukeketaji, kwa sababu linaonesha namna imani inavyogeuka na inavyojificha. Katika utafiti wa 2015 na 2016, Dodoma ilikuwa na asilimia 47 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 waliokeketwa, ya pili kitaifa baada ya Manyara, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 10. Utafiti wa 2022 ulipata asilimia 18 kwa Dodoma na 8 kwa nchi. Mtu anaweza kufurahi akaondoka. Sheria ilikuwepo tangu 1998: kifungo cha miaka mitano hadi kumi na mitano kwa kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Lakini katika familia nyingi za Dodoma na Singida hoja haikuwa mila peke yake. Ilikuwa lawalawa, mwasho na vidonda vya sehemu za siri vya watoto wa kike, ambavyo watu waliaminishwa kwamba hutibiwa kwa kukata. Mama aliyempeleka mtoto hakukataa haki ya mtoto kuwa mzima. Alikuwa anaitimiza, kwa kadiri alivyoelewa ugonjwa. Ukimsomea ibara za Katiba unapita pembeni. Muuguzi anayemwonesha kwamba lawalawa ni maambukizi, yanatibiwa kwa usafi na dawa za zahanati, anagonga penyewe.

Na upande wa pili: sheria ilipobana, baadhi ya watu walihamisha kitendo kutoka kwa wasichana wakubwa kwenda kwa watoto wachanga, ambako hakuna ngoma, hakuna wageni, na mtoto hawezi kusimulia. Mwanamke naye anayejua kitendo ni kosa ana sababu ya kumficha mtafiti ukweli. Sehemu ya tofauti kati ya 47 na 18 inaweza kuwa mabadiliko ya kweli, na sehemu inaweza kuwa ukimya. Ndiyo maana mtu wa kijijini asitegemee takwimu tu. Kadi za kliniki na macho ya mkunga yanajua zaidi, na namba 116 ya simu kwa mtoto hupokea taarifa bila malipo.

Huenda mtu atakuambia mkutanoni kwamba haki za binadamu ni mambo ya Wazungu. Mjibu kwa utaratibu, kwa sababu ana nusu ya ukweli. Tamko la Umoja wa Mataifa lilipopitishwa Paris tarehe 10 Desemba 1948, kwa kura 48, bila kura ya kupinga na nchi nane zikijizuia, Tanganyika haikuwa na kiti. Ilikuwa chini ya udhamini wa Uingereza. Lakini Machi 1955 Julius Nyerere alisimama mbele ya Baraza la Udhamini huko New York, akadai nchi iandaliwe kujitawala, na imani ya TANU, ambayo ilikuja kuwekwa mwanzoni mwa Azimio la Arusha mwaka 1967, inaanza na kwamba binadamu wote ni sawa. Wenye nguvu hawakutupa usawa huu kama zawadi, tuliutumia kuwaondoa. Na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu uliopitishwa Nairobi mwaka 1981 uliweka wajibu wa mtu kwa familia na jamii ndani yake, ibara ya 27 hadi ya 29, jambo ambalo wazee wa kijiji chako watalitambua mara moja.

Nusu nyingine ya ukweli ni kwamba dola yenyewe imesuasua. Tume ya mwaka 1965 iliyopendekeza mfumo wa chama kimoja ilikataa kuweka orodha ya haki ndani ya Katiba. Haki hizo ziliingia mwaka 1984, na mahakama zikazuiwa kuzitumia mpaka 1988. Hapa hapa Dodoma, mwaka 1994, Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu aliamua katika shauri la mauaji la Mbushuu na mwenzake kwamba adhabu ya kifo inapingana na Katiba. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba adhabu hiyo ni ya kikatili na ya kudhalilisha, lakini ikaamua kwamba ibara ya 30(2), inayoruhusu haki kuwekewa mipaka kwa maslahi ya umma, inaiokoa. Na Novemba 2019 nchi iliondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi kwenda moja kwa moja kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, ambayo makao yake yako Arusha. Tunayataja kwa sababu wanakijiji wanayaona na kuyapima. Watu huheshimu haki za wengine zaidi pale wanapoona aliye juu yao naye amezuiliwa na haki hizo hizo. Ila angalia tofauti moja. Wale waliohukumiwa Dodoma walisikilizwa, walikuwa na mawakili, sababu ziliandikwa, na rufaa ikaenda juu. Unaweza kupinga hukumu ile, kama sisi tunavyoipinga, ukiwa umeishika karatasini. Kijana wa mbuzi alihukumiwa kwa dakika ishirini, na hakuna karatasi.

Kuhusu watu wanne. Serikali ya kijiji haina mamlaka ya kulimaliza jambo hili kwa faini ya mbuzi au soda. Kumpiga mtu mpaka akazimia ni kosa la jinai la kujeruhi, na linakwenda polisi. Angefariki lingekuwa mauaji, na sheria ya nia ya pamoja ingemgusa hata aliyeshika miguu tu bila kupiga. Waeleze watu hilo, wengi hawalijui kabisa. Hutakiwi kuwahukumu. Unatakiwa kuwa shahidi mzuri, na shahidi wa usiku ana kazi ngumu. Tangu shauri la Waziri Amani la mwaka 1980, Mahakama ya Rufani inataka utambuzi wa usiku uwe na maelezo: ulimtazama kwa muda gani, kwa umbali gani, kwa mwanga gani na wenye nguvu kiasi gani, na kama ulimfahamu kabla. "Nilimwona fulani akipiga" peke yake haitoshi. Andika: taa ya pikipiki ilikuwa inawaka, nilikuwa hatua sita, alivaa koti la kaki, alikuwa na fimbo ya mkuyati, alipiga mara mbili mgongoni, nimemfahamu miaka kumi na tano. Usiyoyaona usiyaandike, hata kama kila mtu anayasema. Kama kati ya hao wanne yupo aliyekuwa amesimama tu, liandike hilo pia. Ni haki yake.

Polisi wakikataa kufungua jalada, andika barua kwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, ambayo makao makuu yako hapa Dodoma. Malalamiko hayalipiwi. Tume haiwashtaki majirani zako, lakini inaweza kuchunguza chombo cha umma kilichokataa kutimiza kazi yake. Msaidizi wa kisheria wa wilaya, anayetambuliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, anaweza kukusaidia kuiandaa bila malipo. Kama unahofia usalama wako, na una sababu ya kuhofia, mwambie mkuu wa kituo hivyo kwa maandishi siku unayotoa maelezo, na maelezo uyatolee kituo cha wilaya badala ya kituo cha jirani ambako kila anayeingia anaonekana.

Kumbukumbu ya usiku huchanganyika haraka na simulizi za watu. Kaa na kalamu leo, peke yako, uandike ulichokiona, uweke tarehe na sahihi, kabla hujazungumza tena na yeyote kati ya hao wanne.